Trela Inapoahidi Filamu Nyingine

Filamu ya Marekani iitwayo Drive, iliyotoka mwaka 2011, inamhusu dereva mkimya ambaye mchana huendesha magari kwenye upigaji wa filamu na usiku huwatorosha wezi. Watu hutazamana muda mrefu bila kusema neno, kisha damu humwagika ghafla. Mwongozaji wake, Nicolas Winding Refn, alitunukiwa tuzo ya mwongozaji bora katika tamasha la filamu la Cannes. Trela, hata hivyo, ilitanguliza magari na milio ya risasi, na waliokwenda wakisubiri mbio za aina ya Fast & Furious walitoka wamekasirika. CinemaScore, kampuni inayowahoji watazamaji wa mwanzo na kuzipa filamu alama kuanzia A hadi F, ilirekodi C-. Mtazamaji mmoja wa Michigan alifungua kesi kwa kupotoshwa na trela, akashindwa.

Chanzo cha mambo haya kiko katika namna trela zinavyotengenezwa. Mara nyingi mwongozaji si mwenye kauli ya mwisho. Studio huwapa kazi hiyo mafundi wa matangazo, pengine filamu yenyewe haijakamilika, na lengo ni kujaza majumba ya sinema wikiendi ya kwanza, kabla watu hawajaanza kuambiana ukweli. Filamu isiyofanana na nyingine ni ngumu kuuza, kwa hiyo hupakwa rangi ya ile iliyokwisha kuuza. Kangaroo Jack ya mwaka 2003 ilitangazwa kwa watoto kama filamu ya kangaruu anayesema, ilhali kisa chake ni fedha za majambazi na kangaruu husema hasa ndotoni.

Hasara haimwangukii mnunuzi wa tiketi peke yake. It Comes at Night ya mwaka 2017, kazi ya Trey Edward Shults, ilinadiwa kama filamu ya kutisha, yenye mlango mwekundu na kitu kinachonyemelea msituni. Zimwi halitokei. Kuna familia iliyojifungia kwa hofu ya ugonjwa, familia nyingine inayopokelewa, na shaka inayowaangamiza wote. Shults aliiandika akiwa na majonzi ya kufiwa na baba yake. Wahakiki wengi waliisifu, lakini watazamaji waliohojiwa na CinemaScore waliipa D. Hapo ndipo udanganyifu unapouma zaidi: kazi ya dhati kuhusu msiba ilihukumiwa kwa kukosa zimwi ambalo mwandishi wake hakuliahidi.

Sheria imegusa sehemu ndogo tu ya tatizo. Trela ya filamu ya Yesterday ya mwaka 2019 ilimwonyesha mwigizaji Ana de Armas, ingawa alikuwa ameondolewa kabisa katika filamu. Watu wawili walioikodi kwa dola 3.99 waliishtaki studio ya Universal, nayo ikajitetea kwamba trela ni sanaa inayolindwa na uhuru wa kujieleza. Desemba 2022 Jaji Stephen Wilson aliikataa hoja hiyo: trela ni tangazo la biashara. Kesi yenyewe ilitupwa baadaye, na jaji alikuwa ameweka mpaka mwembamba. Kinachoangaliwa ni kama mwigizaji au tukio lililoonyeshwa limo katika filamu, si kama mtazamaji ameridhika. Kwa kipimo hicho Drive isingeguswa, maana mwigizaji wake mkuu, Ryan Gosling, yumo, na magari yamo.