Saa Peke Yake Haimpimi Mkimbiaji

Mwaka 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alikimbia marathoni mbili kubwa, kila moja kilomita 42.195. Mwezi wa Aprili, huko Boston, alitumia saa 2, dakika 5 na sekunde 4, akawa wa pili. Mwezi wa Septemba, huko Tokyo, alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akawa bingwa wa dunia. Yawezekanaje muda mrefu zaidi ulete ushindi mkubwa zaidi?

Njia ya Boston hushuka takribani mita 140 tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kanuni za rekodi ya dunia huruhusu mita 42 tu. Lakini mteremko si faida tupu: mapaja huumia yakiuzuia mwili, na nishati iliyotumika kupanda hairudi yote wakati wa kushuka.

Tokyo palikuwa na joto na unyevu. Jasho hupoza mwili linapogeuka mvuke. Hewa ikijaa unyevu, jasho hudondoka bure, na damu inayohitajiwa na misuli hupelekwa kwenye ngozi. Tena, mbio za ubingwa hukimbiwa kwa kuviziana.

Mji wa Singida uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo kanieneo ya hewa hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita, na oksijeni katika kila pumzi vivyo hivyo. Basi mwalimu anayechagua wakimbiaji aandike, pamoja na muda, mwinuko, halijoto na upepo. Asije akamwacha aliye bora.