Je, Tamthilia za Kisayansi Ziongezwe Giza?



Huko Merigi, katika kaunti ya Bomet, usiku huingia pamoja na baridi. Kwetu sisi tuliozaliwa pwani, baada ya sala ya isha hubaki kujifunika blanketi na kukaa karibu karibu. Na watoto wa siku hizi, pa kukaa karibu ni mbele ya runinga. Nilikuwa huko likizo iliyopita kwa mdogo wangu aliyeolewa na mfanyabiashara wa pale. Mwanawe mkubwa, kijana wa miaka 15, alinigeukia akasema, "Halati, tamthilia hizi za safari za anga zina uongo mwingi. Kila jambo hutengenea mwisho. Lau zingekuwa na giza zaidi, ningeziamini." Mamake alikuwa na rai yake: giza lililomo latosha, na wadogo tayari wanaota ndoto mbaya.

Kijana huyo si wa kwanza kulisema hilo. Star Trek ilipoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, iliwachora wanadamu waliokwisha kupatana, wakisafiri pamoja nyotani. Hata jina la Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, lilitokana na neno letu "uhuru". Kisha upepo ukageuka. Battlestar Galactica ilipotengenezwa upya na kuwa mfululizo mwaka 2004, kisa chake kilikuwa cha wanadamu wachache walionusurika baada ya kuangamizwa na mashine walizoziunda wenyewe. Black Mirror, iliyoanza Uingereza mwaka 2011, mara nyingi humwacha mtazamaji na kifua kizito. Wako wanaouhesabu uzito huo kuwa ndio ukomavu. Mimi siafiki. Kuzima taa si sawa na kusema kweli.

Hata hivyo, yampasa mtu aangalie kijana huyu anasema akiwa wapi. Anaishi katika nchi ya majani chai. Katika mashamba makubwa ya Kericho, mashine za kuchuma chai zimechukua kazi iliyokuwa ikifanywa kwa mikono ya watu wengi, wengi wao kina mama. Mwezi Mei 2023 ghadhabu ilifikia hadi baadhi ya mashine hizo kuchomwa moto. Shuleni kwake wamo watoto ambao wazazi wao walikuwa wakichuma huko. Mtoto wa namna hiyo ukimwonyesha mashine ambayo daima ni mtumishi mwema, ataona anadanganywa, naye atakuwa na haki.

Ndipo nilipowatafutia Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009. Si tamthilia ya mfululizo. Ni dakika 21 tu, lakini sijaona kazi inayolijibu swali letu vizuri zaidi. Ni miaka 35 baada ya vita vikuu vya kugombea maji. Watu wamefungiwa ndani, jasho na mkojo vinasafishwa vinywewe tena, na ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Giza gani lizidi hilo? Lakini Asha, anayetunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anatia mbegu, na mbegu inachipua. Ananyimwa ruhusa ya kutoka. Anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche wake, anaunywesha maji yake ya mwisho na kuufunika kivuli kwa mwili wake.

Mdogo wangu, aliyekuwa akilalamika tangu mwanzo, alinyamaza. Kisha akawakumbusha wanawe hadithi iliyopokewa kutoka kwa Anas bin Malik, Allah amridhie, kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wetu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Sidai kwamba mtunzi wa filamu aliikusudia. Nasema tu kwamba nyumba yetu ilikuwa na pa kuiweka.

Kwa hiyo tamthilia ikinijia na giza, naangalia kama mhusika ameachiwa kazi ya kufanya kwa mikono yake. Vifo vingi visivyo na kazi hiyo ni mapambo. Na giza si jambo la pekee la kuchungwa. Katika Kizazi Moto, mfululizo wa katuni kumi za Kiafrika uliotoka Julai 2023, sehemu ya Kenya iitwayo Enkai inamhusu binti wa mungu wa kike. Haina vitisho vikubwa, lakini ilinibidi nikae na watoto hao niwaelezee tauhidi. Alama za umri za Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya, GE, PG, 16 na 18, zinasaidia. Kazi hiyo haziwezi kutufanyia.

Mpwa wangu hakuridhika. "Halati, angerudi kuwaita wenzake," alisema. "Kwa nini afe peke yake?" Akataka turudie mwisho tena. Mamake akamwambia azime, alfajiri haiko mbali.