Ajira ya Kwanza ya Muuguzi: Mlango Uko Wapi?

Si jambo geni kumwona mzazi akifika katika ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya na bahasha ya kaki mkononi. Ndani yake mna nakala za vyeti vya binti au kijana aliyehitimu uuguzi, pamoja na barua ya kuomba "nafasi yoyote itakayopatikana". Hupokewa kwa heshima, kisha huelezwa kwamba ofisi hiyo haina mamlaka ya kutoa ajira ya kudumu. Wengine huondoka wakiamini kuna jambo wamefichwa. Hakuna lililofichwa, ila utaratibu wenyewe haujaelezwa vya kutosha.

Nafasi ya muuguzi katika kituo cha umma huanzia kwenye bajeti. Kila mwaka wa fedha Halmashauri huorodhesha watumishi iliyonao na wale inaowahitaji katika kila zahanati, kituo cha afya na hospitali. Makadirio hayo, yaani ikama, huwasilishwa kwa Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, ambayo hutoa kibali cha ajira kwa kadiri Serikali inavyomudu kulipa mishahara. Kibali kikishatoka, kutangaza nafasi na kusaili waombaji ni kazi ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichotokana na marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007. Kwa hiyo Halmashauri inaweza kuwa na upungufu mkubwa wa wauguzi na bado isiwe na uwezo wa kumwajiri hata mmoja aliyesimama mlangoni. Hali hiyo huwaumiza wahitimu, na huwaumiza pia wagonjwa.

Mhitimu anayesubiri tangazo ana kazi ya kufanya kabla halijatoka. Cheti cha chuo peke yake hakimruhusu kumhudumia mgonjwa. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka afanye mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kisha aandikishwe ikiwa ana astashahada, au asajiliwe ikiwa ana stashahada au shahada, na apewe leseni. Mwenye shahada hupitia kwanza utarajali wa mwaka mmoja. Leseni nayo huhuishwa, na kuhuishwa kwake huambatana na mafunzo endelevu ya kitaaluma. Hapa ndipo wengi hukwama: mhitimu hukaa nyumbani akisubiri, leseni inakwisha muda, na tangazo linapotoka hana sifa ya kuomba kazi aliyoisomea.

Maombi hutumwa kwa njia ya mtandao kupitia mfumo wa Ajira Portal. Mwombaji hufungua akaunti kwa namba yake ya kitambulisho cha Taifa, hujaza taarifa zake na kupakia vyeti. Matangazo huweka ukomo wa umri kuwa miaka 45 na kutaka vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo ya muda na karatasi za matokeo ya kidato cha nne au cha sita hazipokelewi badala ya vyeti kamili. Wapo wanaoachwa kwa sababu ndogo sana: jina kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne, au barua ya maombi haikusainiwa. Marekebisho ya majina yana hatua zake za kisheria na huchukua muda, hivyo ni busara kuyashughulikia sasa, wakati hakuna tarehe ya mwisho inayokimbiza.

Kada nayo isomwe vizuri. Muuguzi Daraja la II ni nafasi ya mwenye astashahada, Afisa Muuguzi Msaidizi Daraja la II ni ya mwenye stashahada, na Afisa Muuguzi Daraja la II ni ya mwenye shahada. Anayepita mchujo huitwa kwenye usaili, ambao kwa kawaida huwa na mtihani wa kuandika na baadaye mahojiano ya ana kwa ana. Mhitimu aliyekaa muda mrefu bila kugusa mgonjwa arudie mambo ya msingi: kukokotoa dozi, kuzuia maambukizi, kufuatilia mama aliye katika uchungu, maadili ya taaluma.

Utaratibu huu hauna malipo kwa afisa yeyote. Anayepiga simu akidai fedha ili "jina lipite" ni tapeli au mla rushwa, na taarifa zake zipelekwe TAKUKURU kwa namba 113, isiyotozwa gharama. Wenye kushawishika kutumia cheti cha kughushi wakumbuke uhakiki uliotangazwa Aprili 2017, ulipobaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Baadhi yao walikuwa wametumikia miaka mingi.

Serikali si mwajiri pekee. Hospitali za mashirika ya dini, zikiwamo zile zinazotoa huduma kwa makubaliano na halmashauri, huajiri zenyewe, na hospitali binafsi vilevile. Huko barua ya maombi hupelekwa moja kwa moja kwa mwajiri. Vituo vya umma navyo wakati mwingine hupata watumishi wa mkataba wanaolipwa kwa mapato ya ndani, na matangazo yake hubandikwa kwenye mbao za Halmashauri na za kata. Popote atakapoajiriwa, muuguzi anastahili kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi, kama inavyoagiza Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na kuchangiwa katika mfuko wa hifadhi ya jamii.

Suala la kujitolea linahitaji uangalifu zaidi. Miezi michache ya kujitolea hulinda ujuzi na humpatia mhitimu msimamizi anayeweza kumshuhudia. Miaka miwili au mitatu bila barua wala posho ni jambo jingine. Sindano iliyotumika haichagui kati ya mwajiriwa na anayejitolea, lakini Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi umewekwa kwa ajili ya mwajiriwa. Anayejitolea aombe barua inayotaja kituo, muda na msimamizi wake, na ahakikishe amechanjwa dhidi ya homa ya ini B kabla ya kuingia wodini.

Wahitimu wengi huota hospitali kubwa: Muhimbili, Bugando, KCMC. Ndoto hiyo haina kosa. Hata hivyo, uhitaji wa halmashauri za vijijini uko zaidi kwenye zahanati, ambako muuguzi mmoja huweza kuchanja watoto asubuhi, kutoa ushauri wa uzazi wa mpango mchana, na usiku akagongewa mlango na mama aliyeletwa kwa bodaboda akiwa tayari kujifungua. Ni kazi nzito kwa aliyetoka chuoni, naye hana budi kujua mapema nani wa kumpigia simu na gari la wagonjwa linapatikana wapi. Aliyeanzia huko, akipata usimamizi mzuri, hujifunza kufanya maamuzi mapema kuliko mwenzake aliyezungukwa na mabingwa.

Anayepangiwa kituo katika Halmashauri aripoti ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yake, akianzia kwa Mkurugenzi Mtendaji kupitia idara ya utawala na rasilimali watu, na si moja kwa moja kwenye zahanati. Aje na vyeti halisi, leseni iliyo hai, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa, picha ndogo na taarifa za akaunti ya benki. Baada ya hapo huanza kipindi cha majaribio cha miezi 12 kabla ya kuthibitishwa kazini. Swali la nyumba ya mtumishi liulizwe siku hiyo hiyo ya kuripoti, kwa kuwa si kila zahanati inayo.