Sura ya Sita: Kujua Paa Limelala Kiasi Gani

Wahehe wa Iringa walijenga tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Wanyakyusa wa Rungwe, mkoani Mbeya, waliezeka kwa nyasi, paa likachongoka. Mvua ilichangia: mji wa Iringa hupata chini ya milimita 800 kwa mwaka, Tukuyu hupita 2,000. Siku hizi kote huko bati limetawala. Bati huvumilia mteremko mdogo, ila maji yakishuka polepole na upepo ukiyasukuma, hupenya pale bati moja linapolalia jingine.

Mteremko ni kimo kugawanya kwa umbali wa mlalo. Nyumba ina upana wa mita 8, na kenchi imepanda mita 1.6 katikati. Nusu ya upana ni mita 4, 1.6 kugawanya kwa 4 ni 0.4, yaani asilimia 40, au digrii 22 hivi.

Paa likiwa limeshaezekwa, usipande juu. Ingia darini na pimamaji, tepu na penseli. Kwanza lijaribu pimamaji lenyewe: liweke mahali tambarare, soma kipovu, kisha ligeuze ncha kwa ncha. Kipovu kikihama, tafuta jingine. Tia alama sentimita 50 kutoka ncha moja. Ncha hiyo iguse upande wa chini wa upau, nyingine ielekee katikati ya nyumba. Kipovu kikitulia katikati, pima kwenda juu wima kutoka kwenye alama hadi kwenye upau. Ukipata sentimita 20, zidisha kwa mbili: asilimia 40. Rudia kwenye pau nyingine, kwani mbao zilizopigiliwa mbichi hupinda zikikauka.

Huna pimamaji? Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka kwenye upau. Mkono mmoja wa skwea ukifuata uzi, wa pili unakupa mlalo.

Hesabu hii huonekana dukani. Kwa nyumba yetu, upau si mita 4 kama ramani inavyoonyesha kutoka juu. Ni kipeuo cha pili cha 4² + 1.6², karibu mita 4.31, kabla ya upenu. Anayeagiza bati kwa kipimo cha ramani atapungukiwa sentimita 31 kila upande, na kiraka cha urefu huo hakitoshi, kwa kuwa lazima kilaliwe na bati la juu yake.