Utunzaji wa mabuti ya ngozi

Utunzaji wa mabuti ya ngozi ni kazi ya kuyasafisha, kuyakausha na kuyapaka mafuta au nta ili yasipitishe maji upesi na yadumu. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kazi hii ina uzito wake. Mvua hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na miezi ya Juni na Julai ina baridi kiasi kwamba kiatu kilicholowa huchelewa sana kukauka.

Ngozi ni mtandao wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Ngozi mbichi huoza, lakini ikitengenezwa kwa tanini huhimili. Tanini hutoka kwenye magome ya miti kama mwati, ambao kampuni ya Tanganyika Wattle, iliyoanzishwa mwaka 1949, iliupanda huko Njombe (sehemu ya mkoa wa Iringa hadi 2012). Siku hizi ngozi nyingi za viatu hutengenezwa kwa chumvi za kromu. Kwa njia yoyote kati ya hizo, kiwandani huongezwa mafuta ili nyuzi zisigandane. Buti likilowa na kukauka mara nyingi, mafuta hayo hupungua, ngozi hukakamaa, kisha hupasuka pale vidole vinapokunjia.

Hata hivyo, jiko huharibu mabuti kuliko mvua. Mtu hurudi jioni na kuyaweka kando ya mkaa ili asubuhi yawe makavu. Ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto dogo kuliko ngozi kavu, na ikishasinyaa hairudi. Gundi ya soli nayo huachia. Inafaa kutoa kamba, kufuta tope kwa kitambaa chenye unyevu, kujaza magazeti ndani na kuyabadilisha yakilowa, kisha kuyaacha mabuti kivulini penye hewa, hata kwa siku mbili.

Nta ya nyuki huyeyuka kwenye sentigredi 62 hadi 64. Huyeyushwa pamoja na mafuta kidogo katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, kwa kuwa hushika moto. Hupakwa kwenye buti kavu, hasa mishono, maana maji hupita kwenye matundu ya uzi kabla ya kupenya ngozi. Kiwi hung'arisha lakini tabaka lake ni jembamba. Mafuta ya kula hunata, huvuta vumbi na huchacha.

Soli ya ngozi nayo huhitaji kinga. Katika mabuti ya kuteleza kwenye barafu, maji hupenya kwenye matundu ya skrubu zinazoshika chuma, soli ikaoza na skrubu zikalegea. Kwa hiyo soli hizo hupakwa rangi au nta.

Kwa kazi ya kutwa kwenye tope, buti la mpira ni afadhali. Ukungu ukiota juu ya ngozi iliyohifadhiwa, ufutwe nje ya nyumba kwa kitambaa kikavu, na buti lipate hewa kabla ya kupakwa chochote.