Kusoma Picha za Mirihi: Mafunzo Kutoka Korogwe na Handeni

Tarehe 25 Julai 1976, chombo cha angani Viking 1 cha Marekani kilikuwa kikiizunguka sayari ya Mirihi na kutafuta mahali salama pa kutua chombo mwenzake, Viking 2. Katika eneo liitwalo Cydonia kilipiga picha ya kilima kilichofanana na uso wa binadamu: macho, pua na mdomo. Wataalamu walipoitoa picha hiyo walieleza kwamba sura ile imetokana na vivuli. Hata hivyo, wako watu walioshikilia kwa miaka mingi kwamba ule ni mnara uliojengwa na viumbe wenye akili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi picha za namna hiyo zinavyochunguzwa, na kwa nini elimu hiyo inatuhusu sisi pia.

Nukta na kipimo

Picha itumwayo na chombo cha angani ni mkusanyiko wa nukta, na kila nukta huwakilisha kipande kimoja cha ardhi. Katika picha ile ya mwaka 1976, kila nukta ilikuwa na upana wa takriban meta 50. Kwa kipimo hicho, uwanja wa mpira ungekuwa na urefu wa nukta mbili tu. Lau picha hiyo ingekuwa ya Korogwe, shamba zima la mkonge lingeonekana, lakini mistari ya mikonge yenyewe isingeonekana kabisa. Hali kadhalika, kilima cha Cydonia, ambacho upana wake ni kama kilomita moja na nusu, kilichukua nukta 30 hivi. Jicho la uso ule lilikuwa nukta chache tu. Zaidi ya hayo, baadhi ya nukta zilipotea wakati wa kusafirishwa kwa mawimbi ya redio, zikaonekana nyeusi.

Kwa hiyo swali la kwanza la mchunguzi ni hili: je, kitu ninachodai kukiona ni kikubwa kuliko nukta chache?

Mwanga na kivuli

Wakati picha ile ilipopigwa, jua lilikuwa chini, kiasi cha nyuzi 20 juu ya upeo wa macho, na vivuli vilikuwa virefu. Vivuli hivyo humsaidia mwenye kujua kuvisoma. Kwenye ardhi tambarare, kimo cha kilima ni sawa na urefu wa kivuli chake mara tanjenti ya pembe ya jua. Tuseme kivuli kina nukta 10, yaani meta 500. Tanjenti ya nyuzi 20 ni 0.364, basi kimo ni meta 182.

Lakini vivuli hivyo hivyo hudanganya. Ubongo wetu umezoea mwanga utokao juu, nao huisoma picha kwa mazoea hayo. Chukua picha ya setilaiti ya Milima ya Usambara, kaskazini mwa mji wa Korogwe, iliyopigwa mwezi Desemba saa nne asubuhi. Wakati huo jua liko kusini-mashariki. Kaskazini ikiwekwa juu kama ilivyo desturi ya ramani, mwanga hutoka upande wa chini wa picha, na watu wengi huona mabonde kuwa ni matuta, na matuta kuwa ni mabonde. Igeuze picha juu chini, na milima itarudi mahali pake. Ardhi haikubadilika, kilichobadilika ni usomaji wetu.

Mistari iliyonyooka

Mwaka 1877 mtaalamu wa Italia, Giovanni Schiaparelli, alichora mistari mirefu aliyoiona Mirihi kwa darubini. Mmarekani Percival Lowell aliitangaza kuwa ni mifereji ya umwagiliaji. Vyombo vya angani vilipofika huko, kuanzia Mariner 4 mwaka 1965, mifereji hiyo haikuonekana.

Je, mstari ulionyooka ni ushahidi wa kazi ya mikono? Kuta za Milima ya Usambara zimenyooka kwa masafa marefu, nazo zimetokana na kukatika na kunyanyuka kwa miamba. Mashamba ya mkonge nayo yamenyooka, lakini hayasimami peke yake: yana barabara, kiwanda, makazi na reli, na kila kimoja kina uhusiano na kingine. Uhusiano huo ndio unaotambulisha kazi ya binadamu.

Kupiga picha upya

Ushahidi ukiwa haba, dawa ni kupima tena. Mwezi Aprili 1998 chombo Mars Global Surveyor kilipiga picha ya kilima kile kwa nukta za meta 4.3, na mwezi Aprili 2001 kwa nukta za meta 1.6 hivi. Uso ulitoweka. Kilichobaki ni kilima cha mwamba kilicholiwa na mmomonyoko, kama vilima vingine vingi vilivyo jirani nacho.

Isidhaniwe kwamba Mirihi haina maajabu. Picha za Mariner 9 za miaka 1971 na 1972 zilionyesha mabonde makavu ambamo vijito vidogo huungana na vikubwa kufuata mteremko, kama mto Lwengera unavyoungana na Pangani karibu na Korogwe. Dai kwamba maji yalipita huko halikuishia kwenye picha. Mwaka 2012 gari la uchunguzi Curiosity lilikuta kokoto za mviringo zilizosuguliwa na maji ya kijito cha kale.

Faida kwetu

Elimu hii ina kazi hapa nyumbani. Wilayani Handeni maji ni adimu wakati wa kiangazi, na picha za setilaiti husaidia kutafuta mahali pa kuchimba lambo. Asomaye vivuli kinyume atachagua tuta akidhani ni bonde, na mvua itakaponyesha maji yatakwenda kwingine. Kwa sababu hiyo tunawashauri walimu wawape wanafunzi picha ya eneo la shule yao, wapime vivuli, watabiri vimo vya vilima, kisha watoke nje wakahakikishe kwa miguu. Mchunguzi wa Mirihi hana nafasi hiyo, sisi tunayo.