Butembo: Kutu inakula shasi za malori ya zamani chini ya rangi mpya

Lori la baba yangu mdogo lilivunjika mgongo kwenye mlima, kati ya Beni na Butembo, likitoka Kasindi na magunia ya chumvi. Halikugonga kitu, wala halikuanguka mtaroni. Lilikuwa linapanda polepole, abiria zaidi ya kumi wamekaa juu ya mzigo, mara sehemu ya nyuma ikashuka kwa kishindo. Dereva alifikiri ni mpira umepasuka. Alipoinama chini aliona shasi imeachana upande wa kushoto, karibu na chuma kinachoshika resori za nyuma, na upande wa kulia umeanza kupinda.

Hakuna aliyekufa siku ile. Abiria walishuka, wakabeba mizigo yao, wengine wakapanda pikipiki. Lakini lile lori ndilo lililokuwa linalipa minervali yetu, mimi na watoto wake wanne.

Kilichotuumiza zaidi ni kwamba miezi minane kabla ya hapo shasi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, inang'aa kama kiatu cha Jumapili. Baba mdogo alilipa kazi hiyo bila kubishana bei. Pale chuma kilipokatika, rangi ilikuwa bado nzuri. Chini yake chuma kilikuwa kimegeuka kama kurasa za kitabu kilicholowa: unavuta kwa vidole, kinatoka tabaka kwa tabaka.

Tangu hapo, kila ninapopita kwenye garaji naangalia chini ya malori kwanza. Mengi yanayofanya kazi upande wetu wa Kivu Kaskazini na Ituri ni ya umri mkubwa, na wenye malori wanajua injini yao vizuri sana. Wanajua inakunywa mazutu kiasi gani, wanajua sauti yake ikibadilika. Shasi hawaiulizi kitu mpaka siku itakapojibu yenyewe.

Ugonjwa huo mara nyingi unaanzia mbali. Sehemu ya malori haya ilifanya kazi miaka mingi Ubelgiji, Ujerumani au Uholanzi kabla ya kupakiwa kwenye meli. Huko, wakati wa baridi, serikali humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Lori linaoga maji ya chumvi kila msimu wa baridi, na maji hayo yanaingia pale ambapo brosi haifiki: nyuma ya resori, chini ya kabini, katikati ya vyuma viwili vilivyobanwa pamoja. Hata Japani, mikoa yenye theluji hufanya hivyo hivyo. Basi tunaposema "hili ni la Ulaya, limetunzwa", tunaweza kuwa na haki kuhusu injini. Kuhusu shasi, sivyo siku zote.

Kisha likifika kwetu, tunaliongezea chumvi nyingine. Chumvi ya Katwe, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, inaingia kwetu kwa magunia. Samaki wa chumvi nao hupanda malori. Magunia yanavuja, maji ya samaki yanatiririka katikati ya mbao za karoseri na kutua juu ya shasi. Ubaya wa chumvi ni kwamba inavuta unyevu kutoka hewani hata siku isiyo na mvua, kwa hiyo chuma kilicho chini yake hakikauki vizuri. Maji yenye chumvi pia yanapitisha umeme mdogo ambao ndio unaokimbiza kazi ya kutu. Ongeza matope ya barabara zetu, ambayo hukaa kwenye kona za shasi kama kitambaa kilicholowa, na hali ya hewa ya Butembo, mji wa milimani wenye mvua nyingi.

Kuna jambo moja ambalo wenye malori wengi hawalijui. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ikizaliwa katikati ya vyuma viwili, kama kwenye malori ya mizigo mizito yenye shasi ya tabaka mbili, inavisukuma viachane kwa nguvu ya kupinda chuma na kukata rivet. Ukiona vyuma vilivyokuwa bapa sasa vimetuna kati ya bulo na bulo kama mandazi, usidanganyike na unene huo. Pale ndipo pamebaki pembamba.

Namna ya kupima haihitaji mashine. Chukua nyundo ndogo, gonga shasi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia, sauti inakwenda mbali. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti butu, na vipande vinaanguka. Pale penye shaka, chokoa kwa turnevisi yenye ncha. Tazama hasa kwenye mikono ya resori, kwenye viungo vya vyuma vinavyokatiza kati ya mihimili miwili, karibu na sanduku la batri ambako asidi hudondoka, na ukingo wa juu wa shasi, pale mbao za karoseri zinapolala. Huko juu ndiko wengi hawaangalii, kwa sababu lazima ufungue karoseri au uingie chini na tochi.

Kutu nyembamba ya rangi ya udongo, iliyoenea sawasawa, si ya kutisha. Hiyo ni ngozi. Inayoua ni ile ya magamba.

Sasa tuje kwenye dawa, na hapa lazima niseme wazi kwamba mbili zinazopendwa zaidi zina walakini. Ya kwanza ni mafuta ya vidanji, yale meusi yaliyotoka kwenye injini. Yanafukuza maji kwa muda, ni kweli, na ni ya bure. Lakini mvua inayaondoa, vumbi linagandamana nayo, yanalegeza mpira wa bushi na wa mabomba ya freni, na yanayodondoka yanaishia kwenye mto ambao mtu mwingine anachotamo maji. Ya pili ni lami nyeusi inayopakwa moja kwa moja juu ya kutu. Hiyo ni mbaya kuliko kuacha chuma wazi. Lami ikipasuka kidogo maji yanaingia, hayatoki tena, na wewe huoni kitu kwa sababu kila siku shasi yako ni nyeusi na safi. Ndivyo ilivyokuwa kwa lori letu.

Kazi inayofaa ni ya kuchosha zaidi kuliko ya gharama. Kwanza ni kuosha, na kuosha kweli: maji safi mengi, ndani ya kila kona, hasa baada ya kila safari ya chumvi au samaki. Wengi huosha kabini na milango ili lori lipendeze, chini wanaacha. Matundu madogo ya kutolea maji yazibuliwe kwa waya. Lori likauke kabisa, siku mbili tatu za jua. Kwa hiyo wakati mzuri ni Januari na Februari, au Juni na Julai, mvua inapopungua.

Halafu magamba yote yaondolewe kwa nyundo na brosi ya chuma, au kwa mashine ya kusaga kama ipo, mpaka chuma kigumu kionekane. Anayefanya kazi hiyo afunge pua na macho, maana rangi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Rangi yoyote ikipakwa juu ya gamba itaanguka pamoja na gamba. Dawa za asidi ya fosforiki zinazogeuza kutu kuwa nyeusi husaidia kwenye mabaki membamba tu. Baada yake ni antiruye, mikono miwili, siku hiyo hiyo ikiwezekana, kwa sababu chuma kilichosuguliwa kinaweza kuanza kutu usiku mmoja tu. Rangi ya mwisho ije juu yake. Katikati ya vyuma viwili, ambako brosi haiingii, grisi safi au mafuta mazito yapulizwe ndani, na kazi hiyo irudiwe kila mwaka.

Na kama shasi imeshaliwa sana? Hapo rangi imechelewa. Kubandika kipande cha bati na kuchomelea juu ya chuma kilichooza ni kuandaa ajali ya baadaye. Sehemu mbovu ikatwe, chuma cha kuongezea kiwe na unene unaolingana, na ncha zake zikatwe kwa mshazari, si wima, ili uzito usikusanyike mahali pamoja na kupasua tena pembeni. Watengenezaji wa malori hukataza kutoboa au kuchomelea ovyo ukingo wa juu na wa chini wa shasi, kwani ndio unaobeba nguvu kubwa zaidi. Fundi asiyejua hilo, hata akiwa rafiki, asipewe kazi hii.

Wenye malori watasema hawana siku nne za kusimamisha gari. Nawaelewa, deni halisubiri kiangazi. Lori la baba mdogo lilisimama miezi sita, kisha likauzwa vipande vipande.

La pili alilinunua miaka mitatu baadaye. La kwanza alilooneshwa lilikuwa limepakwa rangi nyeusi chini, linang'aa. Muuzaji akawasha injini, ikaitika mara moja. Baba mdogo akaomba nyundo. Aligonga mara tano au sita, akafika kwenye resori za nyuma upande wa kushoto, akasimama, akarudisha nyundo na kuaga. Alinunua jingine lenye shasi ya rangi ya udongo mtupu, lisilopendeza hata kidogo, lakini lililia kama kengele ya shule. Bado linakwenda Kasindi.